Kuanza Kazi ya Uhifadhi wa Sanaa na Mikusanyo ya Makumbusho Ukiwa Iringa, Mbeya au Songea: Mwongozo Kamili

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na skolashipu: nitaipata wapi ya kwenda Ulaya? Nawajibu kwamba skolashipu inakuja baadaye sana. Watu watakaosoma maombi yako, wawe Pretoria, London au Los Angeles, watatafuta mambo matatu: kama umesoma kemia, kama mikono yako imezoea kushika vitu dhaifu, na kama una maandishi yanayoonyesha kwamba unajua kukitazama kitu na kueleza hali yake. Yote matatu unaweza kuyaanza hapa Nyanda za Juu Kusini, na nauli yake haizidi ya Hiace au ya basi la Songea.

Kazi yenyewe ni ipi

Ndani ya makumbusho kuna anayeongoza wageni, kuna anayetafiti na kupanga maonyesho, na kuna mhifadhi wa mikusanyo. Huyu wa tatu anashughulika na mwili wa kitu: mbao, turubai, karatasi, ngozi, chuma, nyuzi. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kinga, yaani kuzuia mwanga, unyevu, wadudu na mikono ya watu visiharibu kitu. Tiba, kwa maana ya kusafisha, kugundisha na kuimarisha, huja pale kinga inaposhindwa, na hufanywa kwa tahadhari kubwa.

Kanuni inayotawala tiba ni kwamba utakachokiongeza leo, mwenzako aweze kukiondoa kesho bila kuumiza kitu. Ndiyo maana wahifadhi duniani kote wanatumia Paraloid B-72, plastiki ya akriliki inayoyeyuka tena kwenye asetoni hata baada ya miaka mingi, na wanaiogopa gundi ya mbao na supaglu. Ndiyo maana pia kinyago cha mpingo hakipakwi kiwi ya viatu ili king'ae. Ukiona mtu anafanya hivyo, mweleze kwa upole, kwa sababu kwa kawaida anafanya kwa mapenzi.

Hatua ya kwanza: kemia

Nianze na lililo gumu. Kozi za uhifadhi wa vitendo zinataka msingi wa kemia, na vyuo vikubwa vya Marekani vinataka hadi kemia ya kaboni. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeipenda sanaa mara nyingi anashauriwa aikimbie kemia aende HGL au HKL. Huo ni ushauri mbaya kwa mtu wa njia hii. PCB na CBG zinamweka pazuri zaidi, na sanaa ataendelea nayo nje ya darasa.

Kama ulishapita huko bila kemia, bado unaweza kufanya mtihani wa NECTA ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ila chagua kituo chenye maabara ya kweli, maana kemia ya kukariri haitakusaidia mbele ya kimumunyisho usichokijua. Weka nguvu kwenye asidi na besi, vimumunyisho, jinsi chuma kinavyopata kutu, na polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama mnyororo. Gundi, rangi, plastiki na vanishi zote ni habari za polima.

Na wewe uliyesoma ualimu wa kemia pale Mkwawa, Iringa mjini, ukasubiri ajira mpaka ukachoka: uko karibu na kazi hii kuliko mtu aliyesoma historia ya sanaa peke yake. Kilichopungua kwako ni kukaa na vitu vyenyewe.

Kwa shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya akiolojia na masomo ya urithi, na ndiko wengi wa watu wa makumbusho na mambo ya kale nchini walikopitia. Chuo Kikuu cha Iringa kimefundisha anthropolojia ya utamaduni pamoja na utalii. TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, inampa mtu mkono wa msanii, jambo la thamani kwa mhifadhi wa michoro na vinyago. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachokutoa ukiwa mhifadhi kamili. Vinakupa mlango tu.

Hatua ya pili: tafuta mahali pa kuanzia

Iringa mjini kuna Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Kilomita kama 15 kutoka mjini kuna makumbusho ya Kalenga, linakotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Barabara ya Mbeya, kilomita kama 20 kutoka Iringa, utaikuta Isimila na zana zake za mawe. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji. Usizisahau misheni kongwe: Peramiho, Tosamaganga, Rungwe ya Wamoravian iliyoanza mwaka 1891. Misheni ya umri huo kwa kawaida ina picha za zamani, daftari za ubatizo, mavazi ya ibada na michoro, na mara nyingi hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuvitazama.

Walioko Mbeya wengi hawajui kwamba makumbusho mawili mazuri yako ng'ambo ya mpaka, karibu kuliko Dar es Salaam. Ukivuka Tunduma unafika Mbala, Zambia, kwenye Moto Moto Museum yenye mkusanyo mkubwa wa vifaa vya jadi vya Wabemba, hasa vya unyago. Ukivuka Kasumulu kupitia Kyela unafika Karonga, Malawi, kwenye makumbusho yenye mifupa ya dinosaria Malawisaurus. Beba hati ya kusafiria, nenda ukatazame wenzetu wanavyopanga makabati yao.

Sasa namna ya kuomba. Usianze na barua pepe kwenda makao makuu. Nenda mwenyewe siku ya kazi, lipa kiingilio, tembea polepole. Ukimkuta mzee anayeongoza wageni, msalimie kama mtoto wa nyumbani, shikamoo yake kwanza, au "kamwene" kama ni kwa Wahehe au Wabena, kisha umsikilize mpaka amalize maelezo yake. Huyo ndiye anayejua kabati gani linavuja. Baada ya hapo ndipo uombe kuonana na mkuu wa kituo na kumpa barua.

Barua isiseme "naomba nafasi ya kujifunza chochote." Taja kazi. Kwa mfano: "Naomba kujitolea siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, nisaidie kupiga picha na kuandika hali ya vikapu na vyungu vilivyoko stoo, chini ya usimamizi wa afisa wenu. Sitasafisha wala kutengeneza kitu chochote bila maelekezo. Nakala za kumbukumbu zote zitabaki kituoni." Sentensi ya tatu ndiyo itakayomtuliza mkuu wa kituo. Ambatisha barua ya chuo, au ya serikali ya mtaa kama umeshamaliza. Nakala mpelekee afisa utamaduni wa halmashauri. Ukikosa jibu wiki mbili, rudi kwa adabu.

Kama bado uko chuoni, itumie fildi yako kwa jambo hili hili. Wanafunzi wengi wanaenda fildi kukaa mapokezini, wanarudi na ripoti yenye historia ya kituo iliyonakiliwa ukutani. Wewe rudi na ripoti ya stoo.

Tahadhari moja ya kisheria. Zana za Isimila zimelala chini, zinaonekana kwa macho, na kuna vijana huziokota wakidhani wanajenga mkusanyo wao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na kuviondoa bila kibali ni kosa. Mtu aliyewahi kuokota hawezi kuaminiwa na funguo za stoo.

Hatua ya tatu: jifunze kutazama na kuandika

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, maana ndipo wengi wanaporuka.

Chukua mchoro wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Alichora kwa rangi za kung'aa za mafuta kwenye vipande vya hadibodi. Michoro ya mtindo wake imetapakaa kwenye hoteli, ofisi na sebule za mikoa yetu, kwa hiyo wa kufanyia mazoezi hutaukosa. Omba ruhusa ya mwenye nyumba.

Tandika shuka safi jeupe mezani. Nawa mikono, vua pete na saa. Ulaze mchoro, upige picha mbele na nyuma ukiwa umeweka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Nyuma ndiko kwenye habari: saini, bei ya zamani, muhuri wa duka, mkanda wa selotepu uliogeuka rangi ya chai. Kisha funga mapazia, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu usawa wa mchoro, mwanga upite juu ya uso kwa ubavu. Utashangaa. Rangi iliyonyanyuka inatupa kivuli, ufa uliokuwa hauonekani unajichora wote, na bodi iliyopinda inajulikana imepinda upande gani.

Anza kuandika kutoka kona ya juu kushoto, ukielekea kulia, kisha ushuke. Andika unachokiona kabla ya unachokidhani. "Kona ya chini kulia, eneo la sentimita 4 kwa 3, bodi imevimba na matabaka yameachana kama chapati, rangi imepotea sehemu mbili, kubwa ina milimita 6." Halafu mstari mwingine: "Inaelekea kona iligusana na ukuta wenye unyevu." Hadibodi hunywa maji kwenye kingo na kona, na rangi ya mafuta iliyokauka haiwezi kuifuata bodi inapovimba, kwa hiyo inapasuka. Ukiweka unachokiona na unachokidhani kwenye mstari mmoja, kesho mtu ataisoma dhana yako kama ushahidi.

Epuka maneno kama "hali mbaya kidogo" au "umechakaa". Yana maana gani? Pima. Chora ramani ya mchoro kwenye karatasi, weka alama za mpasuko, alama za rangi iliyopotea, alama za madoa. Weka tarehe na jina lako. Hiyo ndiyo ripoti ya hali, na ripoti 20 za namna hii zilizoandikwa vizuri zina uzito kuliko vyeti 20 vya semina.

Kisha rudia kwa kitu kingine kabisa. Kikapu cha Iringa kilichosukwa kwa milulu kina ugonjwa wake: rangi za nyuzi hupauka upande uliotazama dirisha, mdomo hulegea pale watu wanapokishikia, na chini kuna vumbi la unga linaloashiria wadudu. Na hapa wewe una kitu asichonacho mwanafunzi wa London: unaweza kumpelekea mama msukaji picha na kumuuliza huu msuko unaitwaje, unatumika kwa kazi gani, ule wa kuchujia pombe unatofautiana wapi na wa unga. Liandike jina kwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, pamoja na jina la kijiji. Kitu kilichopoteza habari zake kimeharibika hata kama mwili wake ni mzima, na wahifadhi wanauhesabu upotevu huo miongoni mwa maadui kumi wa mikusanyo, pamoja na moto, maji na wizi.

Kuhusu mabaki ya binadamu na vitu vya ibada, usipige picha bila ruhusa ya kituo na ya familia au wazee wanaohusika. Kalenga si mahali pa mazoezi ya kamera.

Hatua ya nne: stoo, masika na wadudu

Hali ya hewa yetu ni mwalimu mkali. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei zinapandisha unyevu wa ndani. Ukipita asilimia 65 na kukaa hapo, kuvu huanza kuota kwenye ngozi, majalada ya vitabu na migongo ya michoro. Ikija Juni hadi Oktoba hewa inakauka, mbao zinasinyaa, ngoma zinapasuka. Kupanda na kushuka huko kunaumiza zaidi kuliko kiwango kimoja kisicho bora.

Nunua kipima unyevu cha kidijitali cha bei ndogo. Kiweke stoo, mbali na dirisha, andika asubuhi na alasiri. Daftari la miezi sita litamwambia mkuu wa kituo ni ukuta gani unaovuta maji, na litakuwa kielelezo cha kwanza kwenye jalada lako la kazi.

Mwanga nao una hesabu yake. Nguo, vikapu vyenye rangi, picha na michoro ya rangi za maji huonyeshwa kwa mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Michoro ya mafuta kama luksi 200. Kipima mwanga cha programu ya simu si sahihi sana, lakini kinatosha kukuonyesha kwamba kabati la karibu na mlango liko mara kumi juu ya hapo.

Wadudu waliokwisha kuingia kwenye kikapu au mti mkavu wanaweza kuuawa kwa baridi bila dawa. Kitu kinafungwa ndani ya nailoni nzito isiyopitisha hewa, kinakaa kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi, kisha kinaachwa siku nzima kikiwa bado kimefungwa ili umande ushike nje ya nailoni na si kwenye kitu. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya. Michoro ya rangi usiitie humo, wala ngoma iliyowambwa, na usifanye lolote kati ya haya bila msimamizi. Vaa glavu unaposhika vitu vya zamani vya ngozi, manyoya na nyuzi, kwa sababu makumbusho mengi duniani zamani yalitumia aseniki na DDT, na sumu hizo bado ziko juu ya vitu hivyo.

Jifunze pia RE-ORG, njia ya kupanga upya stoo zilizojaa iliyotengenezwa na ICCROM, chombo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi. Vitabu vyake vinapakuliwa bure, na ilibuniwa kwa ajili ya makumbusho madogo yasiyo na fedha. Ukiweza kuonyesha picha za rafu moja kabla na baada, utaitwa kwenye usaili.

Hatua ya tano: mikono

Wiki chache za kusuka na mama wa kijijini zitakufundisha kikapu kinavyobeba uzito kuliko kitabu chochote. Neema Crafts ya Iringa mjini, iliyoanza mwaka 2003 na kuendeshwa na mafundi wenye ulemavu, inajulikana kwa kutengeneza karatasi kwa mkono, hata ile ya kinyesi cha tembo. Anayetaka kuhifadhi nyaraka aone karatasi inavyozaliwa. Fundi seremala naye ana ya kukufundisha kuhusu mwelekeo wa nyuzi za mbao.

Hatua ya sita: kozi fupi

ICCROM, yenye makao Roma, ni chombo cha serikali mbalimbali kilichoundwa kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka 1956, na Tanzania ni nchi mwanachama. Wana kozi za wiki kadhaa, nafasi za mafunzo kazini kwa wanaoanza, na programu ya vijana na urithi wa Afrika. Kozi nyingi zinataka mtu aliye tayari kazini, kwa hiyo ile miezi ya kujitolea Boma au Songea ndiyo itakayokupitisha. Mombasa kuna CHDA, kituo kilichojengwa kwa ajili ya watu wa makumbusho wa Afrika inayozungumza Kiingereza, basi linafika. British Museum ina programu ya kimataifa ya mafunzo tangu mwaka 2006 kwa walio kazini makumbushoni.

Ukisubiri, soma. Taasisi ya uhifadhi ya Kanada imeweka bure vijitabu vifupi kuhusu kila aina ya kitu, na AATA, hifadhidata ya mtandaoni ya taasisi ya Getty ya Los Angeles, inakupa muhtasari wa maelfu ya makala bila malipo.

Hatua ya saba: shahada ya juu na fedha

Ningekuwa na kijana mmoja wa kumshauri, ningemwambia atazame Pretoria kwanza. Chuo Kikuu cha Pretoria kilianzisha mwaka 2019 shahada ya uzamili ya uhifadhi wa urithi unaoshikika, yenye maabara na mafunzo kazini. Vifaa vyake, mikusanyo yake na matatizo yake yanafanana na yetu.

Uingereza kuna mtego. Chevening, udhamini wa serikali ya Uingereza, na ule wa Jumuiya ya Madola kwa uzamili hulipia mwaka mmoja, ilhali kozi nyingi za uhifadhi wa vitendo, kama ile ya akiolojia na makumbusho ya UCL, chuo kikuu kilichoko London, huchukua miaka miwili. Kijana anapata udhamini, anagundua kozi aliyoitaka haiingii. Linganisha muda wa kozi na wa udhamini kabla ya kuandika hata sentensi moja. Chevening pia wanataka saa 2,800 za kazi, na kazi ya kujitolea inaweza kuhesabiwa, mradi uwe na kumbukumbu.

Marekani, makumbusho ya Winterthur pamoja na Chuo Kikuu cha Delaware, Buffalo State, NYU ya New York na UCLA ya Los Angeles wanachukua wachache sana na mara nyingi wanawapa msaada wa fedha. Wanataka kemia, historia ya sanaa, kazi za mkono, na mamia ya saa chini ya mhifadhi. UCLA ndiyo iliyo karibu na vitu vyetu, kwa kuwa inashughulika na vya akiolojia na vya jamii. Getty nao wana nafasi za mafunzo za kulipwa kwa wahitimu wa nchi zote.

Hatua ya nane: maombi

Anza mwaka mzima kabla. Hati ya kusafiria, transkripti, vyeti vya NECTA na barua za wadhamini vinachelewa kuliko unavyofikiri. Mdhamini wako bora ni yule aliyekuona stoo, hata kama si profesa. Mpe nakala ya ripoti zako tatu ili aandike juu ya jambo alilolishuhudia. Anayekuomba pesa kwa M-Pesa ili "aharakishe nafasi" ni tapeli.

Kwenye maelezo yako binafsi, usianze na mapenzi yako kwa utamaduni. Anza na kitu kimoja: kikapu kile, kilichotoka kijiji fulani, ulichokikuta na unga wa wadudu, ulichokiona, ulichokiandika, ulichoshauri, na kilichofanyika. Ambatisha picha na ramani ya hali yake.

Huku ukisubiri majibu, fuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, kwa sababu nafasi za maafisa wa makumbusho na mambo ya kale hupitia huko na hujaa upesi. Na kabla hujaondoka kituoni kwenda popote, kabidhi kwa maandishi: daftari la unyevu, ripoti zote zilizochapwa, picha kwenye flashi mbili, orodha ya vitu vilivyohamishwa rafu na mahali vilipo sasa. Mkuu wa kituo asaini, nawe ubaki na nakala.